Anayeita Mara Moja

6 Machi

Mvua ya kwanza imeanguka mchana huu, na kabla vumbi halijatulia nimeshaletewa kapu zima la miavuli mibovu. Watu ni wale wale. Kiangazi chote mwavuli unalala uvunguni, panya wanautafuna, tone la kwanza likidondoka ndiyo wanakumbuka kwamba nipo. Kwa wengine mvua ni matope, kwangu mimi fundi wa miavuli ni mavuno. Daftari nimelinunua mwenyewe. Nimejiahidi kuandika msimu mzima, hata kama ni mstari mmoja, maana kila mwaka mvua zikiisha tunagombana na mume wangu ni lini ilinyesha ile kubwa, na yeye ndiye hushinda kwa sababu siwezi kusubiri amalize sentensi.

Ana kigugumizi tangu utotoni. Kazi yake ni kulisha mawe kwenye mashine ya kusaga kokoto kule machimboni, na wenzake walimbatiza Cherehani, kwa jinsi neno linavyomtoka ta-ta-ta-ta kabla ya kufika. Siku aliponiposa alisema, kwa muda wa kutosha kuchemsha chai, kwamba Cherehani haiwezi kukaa bila Sindano. Jina likaninasa hadi leo. Wanaosema naitwa Sindano kwa sababu ya wembamba ni waongo. Wanaosema ni kwa sababu ya ulimi siwezi kuwabishia.

8 Machi

Miavuli tu. Njiti zake za chuma zimeniishia.

10 Machi

Mama mkwe ameanza msimu wake. Ameweka komeo la pili mlangoni, amepaka mafuta la kwanza, kisha amenikalisha kama mtoto anirudishie somo ninalolijua kwa moyo.

"Mtu akiita mlangoni wakati wa mvua, unafanya nini?"

"Namwambia rudia, mama."

"Akirudia?"

"Ni mtu. Namfungulia."

"Asiporudia?"

"Sifungui hata akiwa na sauti ya mama yangu."

"Na akirudia kabla hujamwambia?"

"Hapo ni njaa inamhimiza. Sifungui vile vile."

Akatikisa kichwa, ameridhika. Hapa kwetu hakuna mtu asiyejua haya. Yule wa Mvua, maana jina lake halisi halitajwi, akiwa matopeni huenda kwa miguu minne kama mbwa mkubwa, akifika mlangoni husimama kwa miwili kama mgeni. Kuita anaweza, ila mara moja tu. Wanasema zamani alikuwa mtu kama sisi. Mvua ilimkuta nje, akaita nyumba hadi nyumba, watu wakaogopa kufungua, akaita hadi sauti ikamwisha, ikabaki ya mara moja. Siku hizi huvaa sauti za watu wengine, zile ambazo wenyewe hawazitumii tena: za marehemu, za waliohama, za walionyamaza.

Nikamuuliza mama mkwe kama amewahi kumwona. Akasema, "Aliyemwona hakurudi kusimulia, wewe unadhani hadithi tunaipata wapi?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

14 Machi

Mume wangu ndiye mtu pekee mtaani asiyewahi kuambiwa "rudia". Akifika tu, mlango mzima unajua. "Si-si-si-sindano." Hata mama mkwe hupata tabasamu. Husema mwanawe ameshalipa ushuru wake kabla ya kudaiwa.

Leo radi imepiga karibu na machimbo. Cherehani wangu, mwanamume wa kubeba mawe, kaingia uvunguni mwa kitanda na sahani yake ya wali, akamalizia kula humo humo. Nimecheka hadi mbavu zikauma.

22 Machi

Leo kuna jambo.

Nilikuwa mezani dirishani, kibao cha dirisha kimefunguliwa, nashona kitambaa cha mwavuli wa msusi. Nikasikia mlangoni, "Sindano." Mara moja. Wazi kabisa, bila kokoto hata moja katikati.

Mkasi ukanidondoka. Sauti ilikuwa yake, ila ilikuwa imenyooshwa. Nikainua macho, naye alikuwa amesimama pale nje akinitazama kupitia dirishani, maji yanamchuruzika usoni. Nikamwambia, kwa mara ya kwanza tangu tuoane, "Rudia."

Akarudia. "Sindano. Nimerudi, mke wangu. Nina njaa."

Nilifungua. Nilimpapasa mabega, nikamuuliza amekula nini, amepewa dawa na nani. Akacheka akasema hajui, kimemtoka tu, kama jino bovu linavyotoka lenyewe. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Nililia kidogo jikoni. Lakini usiku kucha nilikuwa nasikia lile "Sindano" moja.

24 Machi

Anaongea. Miaka yote hii nimeishi na mtu ambaye maneno yake yalikuwa ghalani, sasa ghala limefunguliwa. Ameniambia alichotaka kusema siku ya harusi na kigugumizi kikamshinda. Ameniambia kwamba nikishona nikiwa nimeng'ata uzi kwenye kona ya mdomo, yeye husahau njaa. Maneno ambayo mwanamke yeyote angelipa kuyasikia. Nami nilikaa kama gogo, mikono mapajani, nikimsikiliza mgeni akinipa siri za mume wangu.

Sauti yenyewe imekuwa ya ajabu. Mara ananong'ona tukiwa peke yetu, mara anapaza kana kwamba niko ng'ambo ya bonde.

27 Machi

Nikizungumza ananitazama mdomo, haondoi jicho. Leo nimeona aibu kama bibi harusi, nikajifuta nikidhani nina unga.

30 Machi

Jua kidogo. Nimeanika vitambaa.

2 Aprili

Nimemwita kutoka jikoni, hakuitika. Nimemwita tena, kimya. Nikaenda, yuko sebuleni anavua viatu, amenipa mgongo. Nikamwita nikiwa nyuma yake, jina lake halisi, lile ambalo mama yake alimpa. Hakugeuka. Nikasogea mbele yake, akaniona, akatabasamu vizuri kabisa: "Kumbe upo!"

Nikamuuliza chai aitaka sasa au baadaye. Akajibu, "Ndiyo, imenyesha sana kule."

Nimejiambia ni majivuno. Mtu akinyooka ulimi ukubwani, huenda kichwa nacho kinavimba.

Msusi, shoga yangu, alikuja kuchukua mwavuli wake. Ndiye aliyelisema kwa mdomo, kwa mzaha, huku akijaribu kitufe: "Shoga, mumeo siku hizi anaongea kama maji ya bomba. Una hakika ni yule yule uliyeolewa naye?" Tukacheka wote wawili. Alipoondoka nikaona nimejichoma kidole na sijui saa ngapi.

5 Aprili

Mbwa wawili wa muuza nyama wamekutwa matopeni nyuma ya bucha, shingo zimefunguliwa. Mbwa wenyewe walikuwa majitu, wanaogopwa na mtaa mzima. Muuza nyama ni mtu wa kelele, lakini leo alipita dirishani kwangu kimya, amebeba gunia.

Mume wangu aliporudi, mbwa wa jirani alimbwekea nyuma ya visigino hadi mlangoni. Hakugeuka hata kidogo, kana kwamba anafuatwa na kuku.

9 Aprili

Mlinzi wa machimbo ameuawa. Ni ndugu wa muuza nyama, tumbo moja. Walimkuta asubuhi kizingitini pa kibanda chake. Mlango ulikuwa umefunguliwa kwa ndani. Sitaandika alivyokuwa.

Wanasema alikuwa amefiwa na mkewe mwaka jana. Wanasema lazima alimsikia akimwita, na mtu mwenye hamu ya namna ile haangalii idadi.

12 Aprili

Mvua. Hakuna aliyeleta mwavuli.

13 Aprili

Mama mkwe amehamisha kitanda chake kikaegemee ukuta wa upande mwingine, mbali na chumba chetu. Nilimsaidia kusukuma. Tulipomaliza akanishika mkono.

"Mwanangu, mimi nilimzaa. Nilimsubiri aseme 'mama' mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipolisema lilikuwa ma-ma-ma-ma, nikahesabu hilo ni langu, nimelipwa mara nne. Huyu anayeniita 'mama' mara moja akapita, simjui."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nisiposema mimi watasema wao. Huko nje wameshaanza. Wewe unadhani nafurahi?"

Alikuwa analia. Sijawahi kumwona mwanamke huyu akilia, hata alipozikwa mume wake. Ningemtetea mume wangu. Badala yake nilimfuta machozi kwa khanga yangu.

17 Aprili

Jioni hii radi imepasua mti ng'ambo ya barabara. Mimi nilipiga kelele. Mama mkwe alianguka magotini. Bakuli liliruka mezani.

Mume wangu aliendelea kumenya viazi. Ganda lilitoka refu, halikukatika.

Nimetandika kwenye chumba cha kazi, juu ya vitambaa vya miavuli, na nimemwambia nina kazi nyingi ya kumaliza. Akatazama mdomo wangu nikisema hayo, kisha akatazama chini. "Unaniogopa," akasema. Nikasema siogopi. Alikuwa ameshageuka, hakujibu, nikaona hata jibu langu halitaki. Nimeandika hapa ili iwe wazi: namwogopa. Nalala chumba cha pili, mbali na mtu ninayempenda, nikiwa na mkasi chini ya mto.

21 Aprili

Nitaandika yote, kwa sababu kesho watu wataanza kuisimulia kwa namna yao.

Mchana kulikuwa kiza. Mawingu yalishuka hadi mapaa ya nyumba, mvua ikaja ya upande, ikipiga mlango wa bati kama watu wanaomwaga kokoto. Nikafunga kibao cha dirisha, kwanza kwa ajili ya maji, na pia kwa woga. Tangu msimu uanze sikuwahi kukifunga saa za yeye kurudi. Mama mkwe alikuwa kwake, anasali.

Nikasikia, "Sindano."

Mara moja. Wazi. Karibu sana na bati.

Nikasimama nyuma ya mlango nikasema, "Rudia."

Kimya. Nikadhani mvua imenimeza sauti, nikapiga kelele, "Rudia!" Mama mkwe akatoka chumbani, ameshika ukuta. Akaita yeye pia, kwa sauti iliyokuwa inabembeleza, "Rudia, baba! Rudia mwanangu, nakuomba!"

Hakuna kitu. Ila tulijua yupo, kwa sababu chini ya mlango, pale penye upenyo, palikuwa na kivuli cha miguu. Miwili. Nilikaza macho kwenye ile miguu nikisubiri iwe minne.

Mama mkwe akaweka komeo la pili. Aliliweka kwa mikono yote miwili, polepole, halafu akaketi sakafuni akajifunika uso kwa khanga yake. Nami sikumzuia. Niandike na hilo.

Kisha zikaja sauti za watu. Nikachungulia kwenye ufa wa kibao. Muuza nyama alikuwa mbele na panga lake la bucha, nyuma yake wanaume wa machimboni, kamba na mitaimbo mikononi, na msimamizi wao amejifunika gunia kichwani. Baadaye nilielewa kilichowaleta. Mchana huo king'ora cha baruti kilipolia, kila mtu alikimbia kujificha, isipokuwa mume wangu. Yeye aliendelea kutembea kuelekea kwenye shimo akiwa na toroli lake. Walimwita, hakugeuka. Mwamba ulilipuka karibu naye, mawe yakamwangukia mbele na nyuma, akasimama akashangaa vumbi. Wakasema mtu hawezi kufanya hivyo. Waliposhika mitaimbo, yeye alikuwa ameshachukua njia ya nyumbani.

Sasa alikuwa amesimama mlangoni kwangu amewapa mgongo. Paji la uso alikuwa amelilaza kwenye mlango, na kiganja cha mkono amekibandika kwenye bati, vidole vimetanuliwa.

"Geuka!" muuza nyama akapiga kelele. "Wewe, geuka useme jina lako! Na ulirudie!"

Hakugeuka.

"Mnaona? Mnaona wenyewe? Haitiki!"

Radi ikapiga hapo hapo, sijawahi kusikia nyingine kama ile. Wanaume wote wakachutama kama waliokatwa magoti. Mimi nilijigonga kichwa kwenye kibao. Nilipochungulia tena, mume wangu alikuwa vile vile, paji mlangoni, kiganja kwenye bati. Yule aliyekuwa akiingia uvunguni na sahani yake ya wali. "Haogopi radi," mtu akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kata shauri.

Muuza nyama akasogea. Maji ya hatua zake yakamrukia mume wangu kwenye mashavu ya miguu, na hapo ndipo akageuka, ghafla, ameshtuka. Akawaona wote. Akaona panga. Wakaanza kupiga kelele kwa pamoja, huyu rudia, yule sema, na yeye akawa anahamisha macho, kutoka mdomo huu kwenda mdomo ule, mdomo huu kwenda mdomo ule, haraka haraka, amekunja uso, kama mtu anayekimbizana na kuku watano na hajui amshike yupi.

Mimi nilizaliwa katika nyumba ya babu mzaa mama, ambaye uzeeni masikio yalimfia. Nimekua nikitazamwa mdomo. Ukimwambia babu jambo alikutazama hivyo hivyo, na wakiongea watu wengi kwa pamoja alichoka, akatutazama hivyo hivyo, hadi bibi atunyamazishe.

Mungu wangu, nikasema. Hasikii.

Na yote yakaja kwa pamoja, chai na mvua, viazi, mbwa, mdomo wangu niliojifuta. Niliondoa komeo la kwanza. La pili lilikuwa limekaza, nililipiga kwa nyundo ya kazi. Mama mkwe alinikamata gauni, "Utatuua!" Nikamwambia, "Mama, mwanao ni kiziwi!" Akaniachia.

Nilitoka mvuani. Nilimshika mume wangu mashavu nikamgeuza anitazame mimi peke yangu. Muuza nyama alikuwa nyuma yake, panga liko juu, ila hakulishusha, sijui ni kwa heshima yangu au ni kwa woga.

"Nyamazeni wote," nikasema. "Mnataka arudie? Atarudia. Sikilizeni."

Kisha nikamtazama, nikatamka bila sauti. Midomo tu. Rudia.

Walichosikia wao ni mvua. Yeye akaniangalia midomo, akameza mate, akasema, "Sindano."

Nikatamka tena bila sauti. Akasema, "Sindano." Nikaendelea, akaendelea, hadi wote wawili tukawa tunalia na hakuna aliyekuwa anahesabu. Msimamizi ndiye aliyevua gunia kichwani kwanza. Muuza nyama alishusha panga, akalitazama, akanitazama, akasema, "Shemeji, mimi nimefiwa." Nikamwambia najua. Akaondoka na mvua yake.

22 Aprili

Ameniambia yote, mimi nikiuliza kwa midomo na vidole. Mashine ya kokoto ilianza kumla masikio tangu mwaka jana, polepole. Alificha, kwa sababu asiyesikia king'ora anaondolewa machimboni siku hiyo hiyo. Kisha mwezi uliopita, mvua zikiwa zimeshaanza, sikio la mwisho likafa, na asubuhi moja akafungua kinywa kusema na toroli, na neno likatoka zima.

"Nadhani kilichokuwa kinaning'ang'ania ulimi ni sauti yangu mwenyewe," akasema. "Nilipoacha kuisikia, ikaniachia. Nikaona ni biashara nzuri, Sindano. Nimetoa masikio nimepewa ulimi. Nilikuwa na mengi ya kukuambia."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia hata mimi.

"Ungeanza kunionea huruma. Nilitaka kwanza uringe."

Nikamuuliza kwa nini jana hakurudia, au hata kubahatisha.

"Ningebahatisha vipi? Nikiwahi kabla hujasema, hufungui. Siku zote ninakuona dirishani, jana ulikuwa umefunga. Niliweka mkono mlangoni nikuhisi ukisema. Lakini mvua ilikuwa inatikisa mlango wote."

Nikauficha uso wangu kifuani pake. Chochote ambacho ningesema, hapo asingekiona.

25 Aprili

Mama mkwe amepika, ametenga, ameketi mbele ya mwanawe ili auone mdomo wake. "Nisamehe, baba." Alilisema polepole, akaliachanisha, ni-sa-me-he, utadhani kigugumizi kimehamia kwake. Yeye akasema, "Mama, ungefungua ungekuwa hukunifundisha vizuri." Akala. Mama mkwe hakula.

3 Mei

Machimboni wamemwondoa, kama alivyojua. Sasa anafanya kazi nami, ananyoosha njiti na kukaza springi. Ana mkono mzuri. Anaongea siku nzima, na mimi sasa nasikiliza. Yale yote ya Machi nimemwomba ayaseme upya, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nayasikia kama mtu anayesikia mwizi. Ameyasema. Nimeringa.

11 Mei

Muuza nyama ameleta mwavuli wa marehemu ndugu yake. Hauna ubaya wowote. Nimeukaza hivyo hivyo.

16 Mei

Nitaandika neno la kipumbavu. Nakikumbuka kigugumizi chake. Leo nilikuwa naosha vyombo, jioni, saa ile aliyokuwa akirudi kazini, nikajikuta nimesimama na sahani mkononi, nasubiri. Yeye yuko ndani, mzima, anasimulia jambo. Nasubiri nani? Ile si-si-si ilikuwa kama mtu anayebisha hodi moyoni mwangu kabla ya kuingia. Siwezi kumwambia. Ameyatoa masikio yake kwa ajili ya ulimi huu.

20 Mei

Mvua zinapungua. Mama mkwe bado anafunga yote mawili.

26 Mei

Wanasema hii ndiyo ya mwisho. Imeanza alasiri, nyepesi, ya kuaga. Tuko chumba cha kazi, mimi na mume wangu, meza katikati yetu, taa imewashwa. Kibao nimekifunga sababu ya upepo. Yeye anafunga njiti kwa waya, ameinama. Mama mkwe amelala.

Ilikuja mlangoni.

"Si-si-si-sindano."

Koleo lilinidondoka. Ilikuwa yeye. Kile kigugumizi hasa, na ile pumzi ndogo ya mwisho kabla neno halijakubali, na hata aibu yake, ile aibu iliyokuwa ikinifanya nikimbilie mlangoni nikiwa na povu mikononi. Sauti ambayo mwenyewe haitumii tena. Mume wangu yuko mbele yangu, nakiona kichwa chake, naona mvi moja juu ya sikio. Hakuinua uso.

Sikujua kwamba nimesimama. Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo la kwanza, na komeo limepakwa mafuta, halina kelele. Nilimkumbuka mlinzi wa machimbo, na kwa mara ya kwanza sikumshangaa.

Nje palinyamaza. Kwenye upenyo chini ya mlango palikuwa na kivuli. Kilikuwa kinasubiri, kwa adabu kabisa, kama mtu anayejua sheria za nyumba, nimwambie neno moja. Na mimi nilijua kwamba nikilisema atarudia. Yeye hurudia. Sauti ile hurudia yenyewe, mara nne kabla ya kufika, haijawahi kuambiwa. Nilitamani kuisikia mara moja tu zaidi.

Mume wangu ameinua kichwa. Ameniona nimesimama mlangoni, mkono kwenye komeo. Hakuuliza kuna nani. Amenitazama mdomo, anasubiri aone nitakachosema.

Nimeufumba.

Nimerudi mezani, nimekaa, nimeshika mkono wake wenye waya. Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto bado ameushika yeye. Mvua imekwisha, nadhani, kwa sababu bati limenyamaza. Kivuli hakijaondoka.